Nilichekwa nilipoitamka Nginx, sasa nanyamaza mikutanoni

Ami, assalaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kisauni na kazi yangu iko Nyali, katika kampuni ndogo inayotengeneza tovuti na mifumo ya malipo kwa ajili ya mahoteli na mawakala wa mizigo bandarini. Chuo nilisoma hapa hapa Mombasa, lakini mengi ya kazi hii nimejifundisha mwenyewe usiku, nikisoma maelezo kwenye simu kabla sijaweza kununua laptopu. Nakwambia haya ili ujue kwamba majina ya vifaa vyetu vya kazi niliyaona kwa macho miaka mingi kabla ya kuyasikia kwa masikio.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mkutano wa video. Tovuti ya hoteli moja ilikuwa ikiwaonya wageni kwamba cheti chake cha usalama kimepitwa na wakati, ilhali cheti kipya tulikuwa tumeshakiweka usiku wake. Kila mtu anakuna kichwa. Mimi nilijua. Nginx, programu ya seva inayowapelekea wageni kurasa, ilikuwa bado imeshikilia cheti cha zamani kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya mipangilio yake. Nikafungua maikrofoni, nikasema, "Nadhani nginiksi haijapakiwa upya."

Kimya kidogo, halafu mwenzetu mmoja wa ofisi ya Nairobi akaangua kicheko. "Nginiksi? Huyo ni ngisi wa huko kwenu Mombasa?" Wote wakacheka, na bosi wangu nilimwona akiziba mdomo. Yule kaka akaendelea, "Ni enjin-eksi, dada. Na kweli, hebu tuipakie upya." Ikapakiwa, tovuti ikakaa sawa, na kwenye ripoti ya siku ile aliyeandikwa kuwa ndiye aliyetatua tatizo ni yeye.

Tangu siku hiyo, Ami, sisemi. Nikibanwa kabisa nazungukazunguka: "ile seva ya mbele", "ile hifadhidata yetu", "kile kitu cha kujengea kurasa". Vue, hicho cha kujengea kurasa, siitaji kwa kuwa sijui ni vu-e au ni vyu. PostgreSQL, hifadhidata yenyewe, ndiyo kabisa, naiandika tu pembeni kwenye gumzo la mkutano. Juzi bosi akaniita, akaniuliza kwa upole kama kweli nina uzoefu na vifaa hivi au nilivijaza tu kwenye wasifu wangu. Nililia kwenye matatu mpaka nyumbani.

Kaka yangu anasema dawa ni kuongea kama Mmarekani. Amenitumia video za mazoezi, nikajaribu jikoni, mama akaniuliza kama nina mafua. Rafiki yangu niliyesoma naye anasema nisijali hata kidogo: Kizungu si chetu, nitamke nipendavyo, na anayecheka ashindwe. Wiki mbili zijazo nimepangiwa kueleza mfumo wetu mbele ya wateja wapya, na baadhi yao wako Ujerumani. Nishike la nani?

Mnyamavu wa Kisauni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile ripoti kuliko kwenye kicheko. Tutafika huko. Tuanze na kaka yako na rafiki yako, maana kila mmoja amekupeleka upande wake na wote wamekupoteza. Wamechanganya jina na lafudhi.

Jina ni la aliyelitoa. Nginx ilitungwa na Mrusi, Igor Sysoev, ikatolewa kwa watu mwaka 2004, na kwenye tovuti yake rasmi jina hilo limewekewa matamshi yake pembeni: enjin-eksi. Hapo hapana mjadala, na hapo rafiki yako ameshindwa. Lafudhi nayo ni yako. Ukisema "enjini-eksi" kwa ulimi wa Kisauni, ukabandika na irabu kama tunavyobandika sote, hakuna mhandisi wa Hamburg wala wa Lagos atakayekosa kukuelewa. Hapo ameshindwa kaka yako, na mama yako aliuona ukweli huo kabla yetu sote.

Hata wenye vifaa vyao wanalijua hili. Mwongozo wa MySQL, ile hifadhidata maarufu, unasema kwamba njia rasmi ya kulitaja jina ni mai-es-kyu-el, kisha papo hapo unaongeza kuwa hawana neno ukisema mai-sikweli au ukitamka kwa namna ya kwenu utokako. Ikiwa mwenye mali amekuruhusu utamke kama watu wa kwenu, huyo anayekucheka amepewa ruhusa na nani?

Na ile nginiksi yako isikukondeshe. Umelelewa kwenye lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa. Mtoto wa pwani akikutana na neno linaloanza na n, g na i, ulimi wake unakwenda wenyewe kwenye ngisi na ngiri, na ungeshangaza kama usingekwenda. Anayekosea kutamka neno la kitaalamu mara nyingi ni yule aliyelipata kwenye maandishi, hana mtu wa kumsikia akilisema. Mwenzako wa Nairobi huenda alilisikia ofisini siku yake ya kwanza kazini. Wewe ulilisoma peke yako usiku kwenye simu. Sioni ni wapi hapo unapungukiwa naye.

Tena sisi watu wa Mvita tunajua vizuri inavyokuwa mtu kuambiwa ulimi wake si sanifu. Mwaka 1928 wakubwa wa nchi za Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa kuamua ni Kiswahili kipi kitakachowekwa vitabuni na mashuleni, wakachagua Kiunguja. Kimvita kikapitwa nyumbani kwake, wageni wakiwa barazani! Mpaka leo nyanya zetu wanasema "ndoo huku" na "nipe mtele", na hakuna mjukuu aliyekosa kwenda wala kukosa kula.

Haya, turudi kwenye majina, kwa sababu hayafanani, na hofu yako itapungua nusu ukijua lipi limeshaamuliwa na lipi bado linagombaniwa.

Vue limeamuliwa. Mwenyewe, Evan You, aliyelitoa mwaka 2014, ameandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa maelezo kwamba linatamkwa vyu. Huyu huyu baadaye akatoa Vite, kifaa cha kuandalia tovuti, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata hao wenye Kiingereza chao, kwa kuwa wanasema "vait". Jina ni la Kifaransa, maana yake haraka, na linatamkwa vit, i ikivutwa kidogo. Kwa hiyo siku ukimsikia mtu anasema "vait" kwa kujiamini kabisa, nyamaza, usimcheke. Django, kifaa kingine cha kujengea tovuti, nalo limeamuliwa: d ya mwanzo haisikiki, ni jango, kwa sababu wameliazima jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. PostgreSQL ni post-gres-kyu-el, na wenye mradi wamefika hadi ya kuweka sauti iliyorekodiwa ili watu waache kuuliza. Likikuchosha ulimi sema Postgres, ni jina la mkato linalokubalika, na watu wa kazi hiyo ndilo wanalolitumia kutwa nzima.

SQL peke yake, ile lugha ya kuzungumza na hifadhidata, ni ugomvi wa kizazi kizima, na ugomvi huo una asili. Miaka ya 1970, ndani ya kampuni ya kompyuta ya IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliiita lugha yao SEQUEL, yaani sikweli. Kumbe jina hilo lilikuwa limeshasajiliwa na kampuni ya Uingereza ya kutengeneza ndege, ikabidi wapunguze herufi, ikabaki SQL. Wengine wakabaki na matamshi ya zamani, wengine wakaanza kuzitaja herufi moja moja. Wote wana haki. Hapo unatega sikio, mezani kwenu wanasemaje, nawe unasema hivyo hivyo. Picha zile zinazochezacheza za GIF ndizo mchezo mtupu: Steve Wilhite, kiongozi wa kundi lililozitengeneza mwaka 1987, alipopewa tuzo mwaka 2013 alisimama jukwaani akaonyesha kwa maandishi kwamba ni jif, na nusu ya dunia wakamwambia asante mzee, sisi tutaendelea na gif. Kamusi zimeyaweka yote mawili. Usipoteze hata dakika moja hapo.

Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, jina lake ni la Kigiriki, ni mshika usukani wa chombo, na utalisikia kwa namna tatu au nne katika mkutano mmoja. Chagua moja ukae nayo.

Kisha kuna majina ambayo ulimi wako umewatangulia wenzako. Ubuntu, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotoka mwaka 2004, ni neno la Kizulu na Kixhosa, binamu wa utu wetu. Wewe unalitamka sawasawa bila kufundishwa huku wenye Kiingereza wakihangaika na "yubantu". Linux pia: mwanzilishi wake, Linus Torvalds, mwenyewe alijirekodi akilisema, na anavyolisema kuko karibu na linuksi yetu kuliko ile "lainaksi" ya baadhi ya wajuaji. Na siku mtakapowaeleza hao Wajerumani jinsi malipo ya M-Pesa yanavyopita kwenye Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha mifumo, wao ndio watakaokuwa wakikutazama mdomo.

Nikutajie na moja la kuchekesha, maana linaonyesha kwamba kutamka sawa peke yake hakutoshi. Ile akiba ya muda inayoweka kurasa karibu ili zifunguke upesi, jina lake la Kiingereza, cache, linatamkwa sawasawa kabisa na la pesa taslimu, cash. Sasa wewe unafanya kazi na mahoteli. Mwambie mhasibu wa hoteli kwa matamshi safi kwamba jana usiku "tumefuta keshi yote", uone atakavyoruka kwenye kiti! Kwa mtu wa namna hiyo sema kumbukumbu ya muda, au akiba ya kurasa, na matamshi yako mazuri yaweke kwa ajili ya wenzako wa kazi.

Jinsi ya kujifunza sasa. Kila kifaa mnachokitumia, fungua ukurasa wake rasmi, soma aya ya kwanza, na mara nyingi matamshi yako hapo hapo au kwenye maswali yanayoulizwa sana. Usipoyaona, tafuta hotuba ya aliyekitengeneza, sikiliza mwanzo tu, atajitaja yeye na atakitaja kifaa chake. Video zile za sauti ya mashine inayosoma majina achana nazo, zinakisia kama wewe tu. Ukishasikia, andika kwenye daftari kwa herufi za Kiswahili: enjin-eksi, vyu, vit, jango. Herufi zetu zina faida hiyo, ukiandika "vit" utasoma vit leo na mwakani. Halafu uyaseme kwa sauti ukiwa unafanya kazi yenyewe. Unaipakia upya seva, sema "naipakia upya enjin-eksi", hata kama aliye karibu ni paka tu. Jina lililozoea kutoka mdomoni pamoja na kazi halikwami mbele ya watu.

Na ukirekebishwa? Nadhani ulikwenda chuoni utotoni kusoma Kurani. Mwalimu alikurudisha mara ngapi kwenye qaf na ghain? Ulirudishwa, ukairudia herufi, ukaendelea na aya, na siku hiyo hukugeuka Mwarabu wala hukuacha kusoma. Mkutanoni ni vivyo hivyo. Mtu akisema "ni enjin-eksi", wewe unajibu kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo: "Ahsante. Enjin-eksi. Basi ninachosema ni kwamba haijapakiwa upya, kwa hiyo bado inatoa cheti cha zamani." Sentensi ile ya mwisho ndiyo uliyoiachia ikachukuliwa. Hukuipoteza kwa sababu ya matamshi, uliipoteza kwa kunyamaza baada ya kicheko, na mwenzako akaiokota. Ifanyie mazoezi hiyo zaidi ya majina yote niliyoyataja.

Yule kaka mvute kando, kwa simu, bila kuandika kwenye kundi la ofisi. Mwambie hukukasirika kusahihishwa, na kwamba utani wa ngisi mbele ya bosi hukuupenda. Wengi wa aina yake huwa wanashtuka, hawakujua. Kama hajashtuka, umeshamjua.

Bosi naye usimwache na lile swali alilokuuliza. Mimi sitamlaumu kwa kuliuliza, kwa sababu mtu anayesikia "kile kitu cha kujengea kurasa" kila Jumatatu ana haki ya kujiuliza kama msemaji anakijua. Kuzungukazunguka kumekuharibia jina kuliko nginiksi ilivyokuharibia. Mwombe dakika kumi. Mwambie majina haya uliyasoma kabla ya kuyasikia, ndiyo maana ulikuwa unayakwepa, na kwamba jambo la cheti ulilisema wewe kabla ya mtu yeyote. Mkutano kama ulirekodiwa, mpe na dakika yenyewe ajisikilizie. Usiombe ripoti ibadilishwe. Omba tu kwamba tatizo la aina hiyo likitokea tena upewe wewe.

Kuhusu hao wateja: waandalie ukurasa mmoja wenye mchoro wa mfumo, majina ya vifaa yameandikwa, nao watayaona huku unayasema. Wao pia watakuwa wakiongea Kiingereza cha kwao, chenye lafudhi yake, kwa hiyo ongea polepole, nyote mtafaidika. Likitokea jina usilolijua, uliza tu, "Nyinyi hili mnalitamkaje?" Wahandisi wa miaka ishirini kazini wanauliza hivyo kila siku. Na mteja akisema sikweli pale wewe uliposema es-kyu-el, mfuate yeye mpaka mkutano uishe.